Nilivyofuata Unga Mpaka Witgrasvlei

La Rochelle, mbele ya kaunta

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne moja, saa nne asubuhi, mbele ya kaunta ya ghala la vyakula lililo kona ya mtaa wetu wa La Rochelle, hapa Joburg. Mkono wa kushoto nilimshika Nuru, mkono wa kulia nilishika mfuko wa unga uliobaki robo. Nuru, kwa wasiomjua, ni binti yangu, ana miaka mitatu na nusu. Alikuwa ametoka hospitali juzi yake, plasta ya dripu bado ipo mkononi. Nikamwambia mwenye ghala: unga wako umemlaza mwanangu siku nne. Nusa.

Hakunusa. Alikuwa anakula chipsi. Akageuza mfuko kwa kidole kimoja, akanionyesha maandishi chini ya picha ya korongo wa buluu.

"Mama, mimi nauza tu. Kiwanda kimeandikwa hapa. Witgrasvlei. Nenda kawaulize."

"Namba yao haiiti."

"Basi panda gari." Akacheka, na wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka naye. "Panda gari uende shamba, Mama. Hewa nzuri kule."

Nikasema sawa. Sikumtukana, na wanaonijua wanajua hiyo ilikuwa kazi. Nikanunua mfuko mwingine, mzima, haujafunguliwa, wa korongo yuleyule.

"Unasema mbovu na bado unanunua?"

"Huu si wa kula," nikamwambia, nikatoka.

Basi ninyi mlioniuliza kwenye kikundi, na mlionipigia mkicheka kwamba eti nimekwenda mpaka jimbo la Free State na mtoto mgonjwa kufuata unga: ni kweli, nimekwenda, na nimerudi. Naandika mara moja ili nisimrudie kila mtu.

Kwanza niseme linaloniuma, nilimalize. Uji wa unga ule ulikuwa na uchungu kwa mbali. Niliuonja mwenyewe. Nikadhani ni karanga, kwa sababu nasaga karanga nachanganya kwenye uji kama tulivyozoea kwetu Muheza. Nikatupa karanga zote alizoniletea dada yangu kutoka nyumbani, karanga nzima, hazina kosa. Kisha nikaongeza sukari, nikamnywesha mwanangu asubuhi, mchana na jioni. Sisi wakubwa tulikula ugali wa unga huohuo mara moja kwa siku, matumbo yakatusokota kidogo, tukasema ni baridi ya Juni. Yeye ndiye aliyekuwa anaishi kwa uji. Daktari aliponiuliza mtoto anakula nini, nikaanza kutaja, na nilipofika kwenye unga nilijua palepale.

Nilitaka kitu kimoja tu: jina la aliyetia unga ule ndani ya mfuko ule, ili uondoke madukani kabla haujamlaza mtoto mwingine. Kama ni kiwanda, kiwanda. Kama ni ghala, ghala.

Baba Nuru hakutaka niende. Yeye anatengeneza simu, na meza yake ilikuwa barazani pa ghala hilohilo. "Sisi ni wageni hapa, Mama Nuru. Mtoto amepona, tumshukuru Mungu tunyamaze." Nikamwambia aendelee na simu zake.

Mama Espérance naye akanifuata mlangoni. Huyu ni jirani yetu wa chumba cha pili, Mkongo wa Bukavu, msusi, na mtoto wake wa mwisho aliharisha wiki ileile kwa unga uleule. "Mama Nuru, weye acha," akaniambia. "Ukisema ile ghala ni mubaya, batu ya huku batasema bageni yote banatilia batoto sumu. Kesho banakuya kuvunja hata saluni yangu."

Hapo alikuwa na haki. Niliondoka hivyohivyo. Nuru nikaondoka naye, maana sikumwamini tena mtu yeyote na sufuria.

Basi la kusini

Niliondoka Jumatano. Habari za tiketi ziacheni, mnazijua. Nilibeba chupa ya uji wa mchele, mayai ya kuchemsha, ndizi, nguo za Nuru, na mifuko miwili ya unga niliyoifunga kwa khanga. Ule mzima una kilo zake, jamani. Mtoto mgongoni, unga kichwani, nikapita kituoni watu wananipisha.

Nilikaa na mama mmoja mnene mwenye kofia ya kanisa, anarudi kwao. Akautazama mzigo wangu.

"Dada, hicho ni nini?"

"Unga."

"Unaupeleka wapi?"

"Free State."

Akapiga kelele mpaka dereva akatazama kioo. "Unapeleka unga Free State? Unga si ndiko unakotoka!"

"Ndiyo. Naurudisha kwao."

Alicheka mpaka akavua kofia. Nilipomweleza kwa Kizulu changu cha kuungaunga, na kumwonyesha mkono wa Nuru, akaacha kucheka. Akanimenyea chungwa, kisha akaanza kuwaeleza watu wa viti vya mbele. Tulipopata pancha baada ya kuvuka mto Vaal, basi zima lilishajua mimi ni yule mwanamke wa unga. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa mbili hivi. Upepo wa kule unapita juu ya nyasi kavu bila kitu cha kuuzuia, hakuna mlima, hakuna mti, unaingia kwenye koti kama una ufunguo. Wanaume walisimama kuzunguka gurudumu kila mmoja akitoa ushauri. Mwanamume mmoja akanishauri nimchukue mwanasheria. Mwingine akasema nirudi nyumbani, kwa sababu watu wa dorp, ndivyo wanavyoviita vimji vya shambani, hawamsikilizi mtu asiyejua Kiafrikana. Mama wa kofia akamuuliza, "Wewe unakijua?" Akasema hapana. "Basi nyamaza, baba."

Kroonstad, siku ya kungoja

Kroonstad ni mji hasa, una robot, yaani taa za barabarani, una maduka. Nikadhani nimekaribia kufika. Kwenye stendi nikauliza gari la Witgrasvlei. Mzee wa stendi akanitazama kwa huruma, akaniita mme, yaani mama kwa Kisotho.

"Ijumaa, mme. Na siku ya pensheni."

Ilikuwa bado Jumatano, saa nane mchana.

Nikakaa karibu na wanawake wanaouza magwinya, yale maandazi makubwa yasiyo na sukari. Nilikula mawili ya moto, nikashukuru. Wenyewe wakaanza kunong'ona, kisha mmoja akaja moja kwa moja, akaniita ausi, yaani dada.

"Ausi, duka gani unachukua?"

"Duka?"

"Witgrasvlei. Lile la yule mgeni aliyeondoka? Au unafungua jipya?"

Kumbe kwa jinsi walivyoona ushungi, mtoto na mzigo, walishamaliza: mwenye spaza mpya, kiduka cha mtaani, amefika. Nikasema sina duka, nafuata kiwanda cha unga. Wakatazamana. Mwenye magwinya akasema, "Huyu anaficha," kwa Kizulu, akidhani sikijui. Nikamjibu kwa Kizulu hichohicho kwamba kama ningekuwa na duka ningekula vya dukani kwangu, si magwinya yake. Wakaangua kicheko, na baada ya hapo tukawa watu. Mmoja wao alikuwa na chumba, tukalala kwake. Nuru hakula chochote cha mtu, nilimpa yai na ndizi kwa mkono wangu.

Asubuhi barafu imefunika nyasi kama chumvi. Mwenye magwinya alikuwa amenitafutia lori.

Kwenye lori la Ntate Lekoa

Ntate Lekoa, yaani Baba Lekoa, ni Msotho wa makamo, mpole, anavaa kofia ya sufu mpaka ndani ya gari lenye hita. Alikuwa anaenda Witgrasvlei na lori tupu kupakia mahindi. Akamfunga Nuru mkanda yeye mwenyewe, akamwekea blanketi. Akauliza unga ni wa nini, nikamweleza, akatikisa kichwa. "Kiwanda sikijui, ausi. Mimi napakia silo, nafunga turubai, naondoka."

Tulikwenda saa nzima bila kona. Mahindi yamekauka pande zote, rangi ya karatasi ya kaki, mpaka pale mbingu zinapoanzia. Mimi ni mtoto wa Muheza, nimezoea shamba ambalo ukisimama mwisho unamwona mwenye nalo. Pale tulipita dakika ishirini shamba moja, na watu niliowaona ni wawili, mmoja yuko juu ya mashine nyekundu kubwa kuliko nyumba yetu.

"Watu wako wapi?" nikauliza.

"Ndio hao."

Akanionyesha, hapa palikuwa na nyumba ya mkulima, hapa nyingine, hapa shule ya watoto wa wafanyakazi. Yalibaki mabomba ya maji na miti iliyopandwa mstari kuzunguka nyumba ambazo hazipo. Baba yake alivuna kwa mikono katika mashamba yaleyale, akasema, yeye na familia nyingi, wakiishi humohumo shambani. Mashine zikaja, mkulima mdogo akashindwa kuzinunua, akamuuzia jirani shamba, jirani akamuuzia mkubwa zaidi. Wenye ardhi waliobaki kuzunguka Witgrasvlei, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Waliokuwa wakivuna walihamishiwa kijijini, ng'ambo ya reli.

"Na wanafanya nini?"

"Wanangoja pensheni ya bibi," akasema, bila utani.

Kisha nikaiona. Mbali sana, minara minene myeupe imesimama pamoja katikati ya tambarare, mirefu kuliko chochote. Nikajua ndicho kiwanda, nikaanza kupanga maneno. Tuliiona karibu nusu saa kabla hatujaifikia, na nusu saa hiyo nilitunga matusi mengi ya adabu.

Getini mlinzi akaniambia, "Hizi ni silo, tunahifadhi nafaka tu, mme. Hatusagi. Kiwanda kiko nyuma ya kituo cha reli."

Ntate Lekoa akanishusha. Akasema atapita tena kesho, akampa Nuru nusu ya mkate wake. Nikaupokea kwa shukrani, nikauweka mfukoni.

Witgrasvlei

Barabara ya lami ni moja. Upande mmoja kanisa lenye mnara mkali, benki iliyofungwa bado ina jina ukutani, hoteli iliyojaa njiwa, duka la pembejeo. Upande wa pili reli yenye nyasi katikati, na ng'ambo yake nyumba ndogo za bati na tofali, nyingi, zimekaribiana. Kijiji kilianza kama kituo cha treni, nilikuja kuambiwa baadaye, na mpaka leo unaona: kila kitu kimekipa kituo uso wake, na kituo hakina hata paa.

Nyuma ya kituo nikalikuta jengo la matofali mekundu, ghorofa tatu. Juu ya mlango yupo korongo wa buluu, yuleyule, rangi imebabuka mpaka amebaki mguu na shingo. Mlango una mnyororo. Madirisha hayana vioo. Ndani nikachungulia nikaona mashimo ya bolti sakafuni pale mashine zilipong'olewa, na mti umeota.

Nilikaa kwenye ngazi. Siwezi kuwadanganya, nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Safari yote ile, na mtoto, na kilo zote zile kichwani, nimefika kwa maiti.

Gari aina ya bakkie, pikapu ya kwao, likasimama. Akashuka Kaburu mzee, kaptura kwenye baridi ile, soksi mpaka magotini. Akasema jambo kwa Kiafrikana, kisha kwa Kiingereza: kiwanda kimefungwa, unatafuta nini?

Nikanyanyua mfuko. "Unga huu umemlaza mwanangu hospitali. Jina lenu hili hapa."

Akawa mwekundu. "Sisi? Mimi nimesaga hapa maisha yangu yote! Hatujawahi kuuza uchafu! Hata siku moja!"

"Basi huyu ndege ni wa nani?"

"Usinipigie kelele!"

"Wewe ndiye uliyeanza!"

Tukafokeana hivyo, yeye Kiingereza chake, mimi changu, mpaka mama mmoja mzee, mfupi, blanketi mabegani, akavuka reli polepole akaja akasimama katikati yetu.

"Gert," akasema. "Kaa kimya. Mtoto ana baridi."

Na Kaburu akakaa kimya.

Huyo ndiye Mme Dineo. Alishona mifuko katika kiwanda kile tangu usichana wake mpaka siku ya mwisho. Yule mzee, Oom Gert, yaani Mjomba Gert, kama wote wanavyomwita, alikuwa msimamizi wake. Mme Dineo alinieleza baadaye, huku akicheka bila sauti, kwamba miaka yote alimwita *baas*, bwana mkubwa. Siku kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani, akavua aproni, na kesho yake alipokutana naye barabarani akamwita Gert, na Gert akaitika.

Jikoni kwa Mme Dineo

Tulivuka reli sote. Mme Dineo mbele amembeba Nuru, mimi na unga, Oom Gert nyuma akisitasita. Mlangoni akavua kofia, akatazama huku na huku. Nikaelewa kwamba alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile, wala pengine nyumba yoyote ya upande ule. Akapewa kreti ya soda aikalie.

Mme Dineo akapakua papa, ndivyo wanavyoita ugali wao, na mboga za majani. Akamwekea Nuru sahani. Nikaiondoa.

"Hakuna nguruwe humu," akasema. "Najua ninyi wa ushungi hamli. Sufuria ni safi."

"Si hilo, mama. Ni unga. Siwezi."

Nikamweleza yote, hata sukari niliyoongeza kwenye uji. Hilo nilikuwa sijamwambia hata Baba Nuru. Hakunipa pole. Akainuka, akatoa chini ya kitanda debe la mahindi. Akaniambia: "Hapa mahindi yamezunguka nyumba pande zote, na unga tunanunua Kroonstad, umesagwa mjini. Yanaondoka kwa lori, yanarudi kwenye plastiki. Lakini mashine ikishapita shambani inaacha masuke, na mkulima mmoja bado anaturuhusu kuokota. Haya nimeokota mwenyewe, nimekausha juu ya bati, nimetwanga kwa mikono hii." Akaketi, akamega kwenye sahani ya Nuru, akala kwanza yeye, akanitazama.

Nikaisogeza sahani mbele ya mwanangu. Nuru alikula tonge, la pili, la tatu. Akasema kwa Kizulu chake cha chekechea, "Futhi," yaani aongezewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuomba chakula tangu augue.

Ndipo Mme Dineo akasema, "Sasa nipe huo mfuko. Ule mzima."

Akaupapasa juu, kwenye mshono. Akashika ncha ya uzi upande wa kulia.

"Usifungue!" nikapiga kelele. "Huo ni ushahidi!"

"Kama ni wetu, utafunguka kwa mvuto mmoja. Mshono wa mnyororo unaanzia kushoto unaishia kulia, ukivuta pale ulipoishia unaachia wote. Nilishona hivyo kila siku. Wanawake wa Joburg walikuwa wanavuta, hawahitaji kisu. Unataka kujua au hutaki?"

Mimi mfuko wangu nilikuwa nimeukata kwa kisu. Ulinishinda kuvuta.

Nikasema nataka. Oom Gert alikuwa amesimama. Mfuko ukifunguka, basi ni jina lake na maisha yake yote.

Mme Dineo akavuta. Uzi haukutoka. Akavuta tena kwa nguvu, ukamkata kidole, mfuko bado umefungwa.

"Huu umeshonwa kwa sindano ya mkono," akasema, akinyonya kidole. "Na uzi wa magunia. Kwetu palikuwa na utepe wa karatasi juu ya mshono, na kila mshonaji aliacha mkia wa uzi wa urefu wake, mfuko ukipasuka Gert anajua amfokee nani. Mkia wangu ulikuwa kidole kimoja. Huu hauna mkia wa mtu."

Oom Gert akauomba ule mfuko uliokatwa. Akamwaga unga kiganjani, akausugua, akausogeza dirishani, akanusa, akaugusa kwa ncha ya ulimi akatema. "Mahindi ya mifugo," akasema. "Yamenyeshewa. Yameota ukungu, yakasagwa hivyohivyo, yakachanganywa na meupe kidogo. Hii hata ng'ombe wangu nisingempa."

"Lakini mfuko?" nikauliza. "Mfuko ni wenu."

Mzee akakaa tena kwenye kreti. Wakanisimulia wote wawili, mmoja akimrekebisha mwenzake. Wakulima ndio walioungana kukijenga kiwanda, ili wasiuze mahindi bila kusagwa. Treni ilipita ikipakia unga, ikapeleka mpaka mabweni ya migodi ya Joburg. ("Weupe walikaa ofisini," Mme Dineo akasema. "Tulikuwa wachache," Oom Gert akasema. "Ofisi ilikuwa ndogo," Mme Dineo akasema.) Kisha ushirika ukageuzwa kampuni, kampuni ikauzwa kwa kampuni, treni ikaacha kuja, na wenye mali wapya wakaona ni rahisi kusaga mjini. Silo wakazibakiza. Kiwanda kikapigwa mnada kipande kipande, mashine, mikanda, mizani. Na marobota ya mifuko mitupu, mipya, yenye korongo, ambayo hakuna aliyefikiri kuichoma.

"Alikuja mtu mmoja kutoka Joburg, akachukua mifuko yote," akasema Mme Dineo. "Nikamuuliza, mashine ya kushonea huitaki? Akasema hapana."

"Mimi ndiye niliyesaini kumkabidhi," akasema Oom Gert, akitazama sakafu. "Nilijua ni mifuko tu."

Akaondoka bila kuaga, tukasikia bakkie likivuka reli. Akarudi na faili, akatoa karatasi ya mnada, akaweka kidole. Nikasoma jina la mnunuzi.

Lilikuwa jina lilelile lililopakwa rangi nyekundu juu ya mlango wa ghala la kona yetu.

Yaani mwenyewe ndiye aliyeniambia panda gari. Alikaa pale na chipsi zake, akanituma Witgrasvlei kwa kujua kwamba hakuna mwanamke wa La Rochelle atakayekwenda.

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia sana. Sikumngoja Ntate Lekoa. Nilimwachia shukrani kwa mlinzi wa silo. Oom Gert alitupeleka Kroonstad Ijumaa asubuhi, Mme Dineo akakaa mbele kati yetu na Nuru mapajani, wakabishana njia nzima kuhusu mwaka ambao bomba la kiwanda lilipasuka. Mzee aliniandikia maelezo kwa mkono wake akayasaini, akanipa nakala ya karatasi ya mnada. Mme Dineo alinipa mfuko mkuukuu wa kiwanda aliokuwa ametandika ndani ya kabati, umepasuliwa ubavuni, mshono wa juu bado upo, na mkia wa uzi wa kidole kimoja.

"Waambie," akasema, "jina la hapa lisiuzwe na mtu asiyetujua." Mimi na wao hatukuwa tumejuana hata siku mbili kamili.

Baba Nuru alisikiliza yote akiwa amesimama. Kesho yake alihamishia meza yake ng'ambo ya barabara, kwenye jua, wateja wakabaki wanamtafuta.

Mama Espérance alikuwa mgumu. Tuligombana chumbani kwangu, kwa sauti. "Sijasema unadanganya," akasema. "Nasema bataisoma vibaya. Batasoma mugeni, habatasoma unga."

"Basi nitaandika ili wasome unga."

"Na bakikataa?"

"Wakikataa nitarudi na barua nyingine."

Akaondoka amenuna. Jumatatu asubuhi nilipokuwa navaa viatu kwenda ofisi ya afya ya manispaa, nikamkuta amekaa ngazini, amejifunga kilemba cha kanisani, na kadi ya kliniki ya mtoto wake mkononi. "Tuende," akasema. "Lakini weye ndiye utaongea."

Tulikaa kwenye foleni tangu saa mbili mpaka saa saba. Afisa alitaka nieleze kwa mdomo, yeye atajaza fomu. Nikakataa. Nilikuwa nimeshaandika kwa Kiswahili, na binti wa Tanga anayesoma chuo kule Braamfontein akanitafsiria kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikamkataza kulainisha. Afisa akapiga muhuri nakala zote mbili. Haya ndiyo niliyowasilisha.

Malalamiko

*Kwa Afisa Afya wa Manispaa.*

*Kuhusu: unga wa mahindi wenye nembo ya korongo wa buluu na jina la Witgrasvlei.*

*Mimi ni mkazi wa La Rochelle na mama wa mtoto wa miaka mitatu na nusu. Mwanangu alilazwa siku nne baada ya kulishwa uji wa unga huu. Mtoto wa jirani yangu, aliyesaini hapa chini nami, aliugua wiki hiyohiyo. Nilionja uchungu na sikuacha kumlisha. Hilo ni langu. Yafuatayo si yangu.*

*Kiwanda kilichoandikwa kwenye mfuko hakipo. Nimekwenda, nimeona. Mashine zimeng'olewa na mti umeota ndani. Mifuko mitupu iliuzwa kwa mnada kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye karatasi niliyoambatanisha, na ambaye anauza unga huo katika ghala lake hapa mtaani.*

*Naleta mifuko mitatu. Wa kwanza ndio tuliokula. Wa pili haujafunguliwa. Naomba upimwe, nami nipewe majibu kwa maandishi. Wa tatu ni wa kiwanda chenyewe. Linganisheni mishono. Mama aliyeshona ule wa tatu yuko hai na yuko tayari kuulizwa.*

*Naomba unga huu uondolewe madukani leo, si baada ya majibu. Naomba jina la Witgrasvlei lisafishwe, kwa sababu watu wa huko hawakusaga unga huu.*

*Sikuandika mwenye ghala anatoka nchi gani, na mtakapoandika ripoti yenu naomba msiandike. Mimi ni mgeni, jirani yangu ni mgeni, na watoto walioumwa wamezaliwa hapa. Mkilifunga ghala hili, lifungeni kwa sababu ya unga, na tangazo la mlangoni liseme hivyo. Maduka ya wengine yaacheni wazi. Tunahitaji mahali pa kununua chakula.*

*Nitarudi Jumatatu ijayo kuuliza mmefanya nini. Nitakuja na mtoto.*